Mkali na Mwoga Ndani ya Tangi Moja



Juma hili twajibu swali la mama mwenzetu wa Likoni. Atuarifu kuwa wanawe walinunuliwa tangi la kioo la samaki na ami yao, na kwamba kwa miezi miwili ya mwanzo lilikuwa pambo la sebule na kiburudisho cha jioni. Sasa limekuwa uwanja wa vita. Samaki mmoja amewatawala wenzake wote, awafukuza kutwa na kuwararua mapezi. Mwingine hatoki nyuma ya jiwe hata wakati wa chakula. Watoto nao wamegawanyika: huyu amtetea yule mkali kwa kuwa ana rangi nzuri, na huyu amlilia yule mnyonge. Mumewe ameona njia ya mkato, kwamba wote wakamwagwe baharini pale kivukoni wakajitegemee. Mama auliza: je, samaki hawa wameumbwa na tabia isiyorekebika, au kuna jambo ambalo sisi wafugaji hatukulifanya?

Kwanza twamwomba mama amzuie mzee na ndoo yake. Samaki wa mapambo wanaouzwa madukani kwetu wengi wao ni wa maji baridi, yaani maji yasiyo chumvi. Wakitiwa baharini hawaishi. Wala wasitiwe mtoni au bwawani, kwani mgeni asiyejulikana aweza kuwala au kuwanyang'anya riziki samaki wenyeji. Kisha twamwambia kwamba swali lake ni zuri, na kwamba jibu lake sisi tulilipata kwa gharama.

Kisa cha nyumbani kwetu

Miaka michache iliyopita, baada ya Idi ya Ramadhani, tuliwanunulia watoto wetu tangi la kioo. Lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35, nalo huingia kiasi cha lita 60 za maji. Tukachagua samaki watatu: wawili wa rangi ya manjano wenye michirizi myeusi ubavuni, waliofanana kama pacha, na mmoja mdogo wa kahawia mwenye sharubu, mfano wa kambare mchanga. Mwenye duka alituambia wote huelewana. Hatukuuliza wametoka maji gani, watakua kiasi gani, wala huko kwao huishi vipi. Tuliuliza bei.

Baada ya wiki kama kumi, mmoja wa wale pacha alianza kugeuka rangi. Manjano yakatoweka, mwili ukawa mweusi wenye mchirizi wa samawati. Watoto wakamwita Jemadari. Akaitwaa nyumba ndogo ya udongo tuliyoiweka katikati, na kila mwenzake alipopita mbele ya mlango, akamtokea kama mshale. Pacha wake, aliyebaki na rangi ya manjano, wakamwita Masikini. Masikini alijibanza juu kabisa, pembeni, chini ya bomba la chujio, kichwa juu na mkia chini, mapezi yamefumbwa. Yule wa sharubu hatukumwona mchana hata siku moja.

Twakiri kwamba jambo hilo lilitufurahisha. Wageni walipokuja tuliwaonyesha Jemadari. Tulimsimulia kama watu wasimuliavyo mchezo wa kuigiza. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, ndiye aliyesema, “Mama, Masikini hali.” Tukamjibu, “Mwache, atazoea.” Siku ya nne, baada ya sala ya Alfajiri, tulimkuta Masikini akielea, mkia haupo.

Binti hakulia. Alisimama mbele ya kioo kitambo, kisha akauliza, “Kwa nini hakukimbia?” Kabla hatujasema neno, akajijibu mwenyewe: “Angekimbilia wapi?”

Kwa nini hupigana

Samaki wale wa michirizi asili yao ni ziwa kubwa la kusini mwetu, ambalo Watanzania huliita Nyasa na wenzao wa ng'ambo huliita Malawi. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine duniani. Kundi lao moja huishi penye majabali karibu na ufuo, na wenyeji huliita mbuna. Mbuna hula hasa mwani laini unaoota juu ya mawe. Dume huchagua jiwe lake na tundu lake, akalilinda, kwani hapo ndipo atakapomvutia jike. Dume mwingine akijongea, hufukuzwa.

Jambo la kuzingatia ni hili: ziwani, kufukuzwa huko hudumu kitambo kidogo tu. Aliyeshindwa huondoka, huvuka mpaka wa jirani yake, na ugomvi umekwisha. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na samaki hufuata hekima hiyo bila kufundishwa. Lakini katika tangi la sentimita 60, mpaka wa Jemadari ulikuwa kioo cha kulia na kioo cha kushoto. Masikini alimpisha, akampisha tena, mpaka pa kumpisha pakaisha. Dume naye, kila alipogeuka, alimwona bado yumo ndani ya himaya yake, na kwa akili yake ya samaki akadhani mwenzake ni mshindani asiyetaka kuondoka.

Wanawake wa pwani waendao kuchokoa pweza maji yakipwa wameyaona haya kwa macho yao. Katika miamba yetu kuna visamaki vidogo kuliko kiganja ambavyo hulinda kipande chao cha mwani na kumrukia hata mtu anyooshaye kidole. Hakuna aviitaye viovu. Vyalinda chakula chavyo.

Kuna na jambo la pili. Samaki mara nyingi humchukia zaidi yule anayefanana naye. Niko Tinbergen, mtaalamu wa Kiholanzi aliyetunukiwa Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 1973 kwa uchunguzi wa tabia za wanyama, aliwachunguza visamaki wa Ulaya ambao dume lao huwa na tumbo jekundu wakati wa kuzaliana. Alitengeneza sanamu za samaki. Sanamu iliyofanana kabisa na samaki lakini haina wekundu ilishambuliwa kidogo. Kipande kisicho na sura nzuri ya samaki, lakini kimepakwa rangi nyekundu chini, kilishambuliwa kwa nguvu. Dume hakumtazama nani aliyekuja. Aliona alama ya mshindani, akaenda. Sisi tulipochagua samaki wawili waliofanana kama pacha, tukidhani kufanana ni udugu, tulikuwa tumewachagulia vita.

Safari ya Jemadari

Tulimwendea ami yetu mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mzee ambaye amefuga samaki tangu ujana wake. Tukamwuliza, “Ami, tumfanyeje huyu muuaji?” Akatazama tangi letu muda mrefu, kisha akasema, “Wanangu, msimwite muuaji. Nileteeni kwangu mumwone.”

Tangi la ami lina urefu wa mita moja na sentimita 20, nalo huingia lita zaidi ya 200. Ndani yake mna mbuna kama ishirini, na mawe yamepangwa kutoka chini hadi karibu na uso wa maji, yenye vipenyo vingi kuliko idadi ya samaki. Tulifika baada ya sala ya Isha. Ami alizima taa ya tangi, akawalisha samaki wake, kisha akabadilisha mawe machache mahali pake. Tulipomwuliza sababu, alisema mwenyeji akikuta nyumba imebadilika, naye huwa mgeni. Wote huanza upya kutafuta pa kukaa, na hakuna aliye na nafasi ya kumwonea aliyefika sasa hivi. Ndipo akamtia Jemadari.

Baada ya siku tano tulirudi na watoto. Jemadari hakuonekana. Binti ndiye aliyemgundua, amejibanza baina ya bomba la chujio na kioo, kichwa juu na mkia chini, mapezi yamefumbwa. Weusi wake umefifia. Alikuwa amekaa vilevile alivyokaa Masikini.

Tulitoka pale tumenyamaza. Samaki ni yuleyule. Kwetu alikuwa jabari, na huku amekuwa mwoga. Baada ya wiki chache alipata tundu lake upande mmoja wa tangi, akawa mkazi kama wengine, wa kufukuza kidogo na kufukuzwa kidogo. Tangu siku hiyo hatusemi tena kwamba huyu ni samaki mkali na yule ni samaki mwoga kana kwamba ni majina ya kuzaliwa. Twauliza kwanza: amewekwa wapi, na nani, na wangapi?

Ya kufanya kwa samaki mkali

Twamwomba mama wa Likoni, na kila mwenye tangi, ayapime haya moja baada ya jingine.

La kwanza ni nafasi. Jua jina la samaki wako, na kimo atakachofikia akikua, si kimo alicho nacho dukani. Kwa mbuna, tangi lisipungue lita 200, na urefu wa tangi ni muhimu kuliko kimo chake, kwani samaki hukimbia kwa ubavu, si kwa kupanda juu. Ikiwa nafasi hiyo hamna, mbuna si wageni wenu, na hilo si aibu kulikiri.

La pili ni mawe. Kilicho muhimu si wingi wa mapambo bali kukatiza macho. Mkali asiyemwona mwenzake humsahau. Panga mawe yagawanye tangi vyumba vyumba, na kila tundu liwe na njia mbili, ya kuingia na ya kutokea, maana tundu la njia moja huwa mtego. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya kutia mchanga, kwa sababu mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga huweza kuanguka likavunja kioo. Mawe ya matumbawe huongeza chokaa majini; mbuna hupenda maji hayo, lakini samaki wanaotoka mito ya maji laini hawayapendi.

La tatu laweza kuwashangaza wengi. Kwa mbuna, wawili au watatu ni hatari kuliko kumi na watano. Wakiwa wachache, hasira yote humwangukia mmoja. Wakiwa wengi katika tangi kubwa, hugawanyika, na hakuna anayeandamwa kutwa. Dume mmoja awe na majike watatu au zaidi. Lakini wingi huo wataka chujio lenye nguvu na maji kubadilishwa kila juma. Kuongeza samaki katika tangi dogo ni kuongeza maiti.

La nne ni chakula. Lisha kidogo kidogo, na utawanye sehemu mbili au tatu za tangi, ili mkali asisimame mlangoni pa riziki ya wenzake. Mbuna wapewe chakula cha asili ya majani na mwani. Nyama ya ng'ombe au ya kuku huwaharibu matumbo.

La tano ni kumtenga, na hapa twasisitiza: atengwe mkali. Mara nyingi twamtoa mnyonge kwa kumhurumia, na mkali hubaki na milki yake yote, kisha humtafuta wa pili. Mtie mkali katika chombo kingine chenye maji safi na pampu ya hewa kwa juma moja au zaidi, au umwekee kizuizi cha wavu ndani ya tangi. Atakaporudi, badilisha mawe kwanza. Aliyejeruhiwa naye apewe mahali pa utulivu na maji masafi, mapezi yake huota tena. Ikiwa mara mbili tatu haikufaa, mtafutieni nyumba nyingine. Kumwondoa kwa wakati si kushindwa.

Tusiwasahau wale samaki wa mapezi marefu kama shela, wapiganaji wa Thailand, ambao watoto huwapenda sana. Madume wawili wasiwekwe pamoja kamwe. Nao wasiwekwe katika chupa au bilauri ya mezani ati kwa sababu huweza kuvuta hewa juu ya maji. Mmoja peke yake apewe lita zisizopungua 20 na majani ya kupumzikia.

Ya kufanya kwa samaki mwoga

Turudi kwa yule wetu wa sharubu, aliyebaki peke yake baada ya Jemadari kuondoka. Tulidhani mkali akienda, mwoga atatoka. Hakutoka. Ami akatueleza kwamba samaki wa aina ile asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini, na huishi kwa makundi. Mmoja peke yake hana wa kumwambia kwamba kumetulia. Tukaongeza watano wa aina yake, tukaondoa kokoto zenye ncha zilizokuwa zikimchubua sharubu, tukatia mchanga laini wa mtoni uliooshwa vizuri, na majani mawili matatu ya kuotea majini. Siku ya tatu, saa nne ya mchana, wote sita walikuwa wakitambaa mbele ya kioo, wakichakura mchanga kama kuku uani.

Basi kwa samaki ajifichaye, tazama kwanza kama ni wa makundi. Samaki wengi wadogo hawatulii wakiwa chini ya sita. Pili, mpe pa kujificha zaidi. Yaonekana kinyume, lakini samaki ajuaye kwamba kimbilio liko karibu ndiye huthubutu kutoka. Ukiondoa mawe ili umwone, utamwona siku moja, kisha atadhoofika. Tatu, funika pande tatu za tangi kwa karatasi ya rangi nzito, punguza taa, na uliondoe tangi njia ya kupita watu na mlango unaobamizwa. Watoto wafundishwe kutogonga kioo. Nne, kuna visamaki watulivu waogeleao juu juu. Wenye haya wakiwaona wenzao wanaogelea bila hofu, nao hutoka. Ndiyo maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Tano, mgeni apewe siku kadhaa. Usiku wa kwanza azimiwe taa na asisumbuliwe.

Lakini si kila ajifichaye ana haya. Akipumua haraka haraka, akiwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, au amefumba mapezi na hali, huenda ni mgonjwa, au maji ndiyo yaliyochafuka. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu isiyoonekana kwa macho. Bakteria wema wakaao ndani ya chujio huigeuza mpaka ikawa kitu chenye madhara madogo, lakini katika tangi jipya bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana. Ndiyo maana samaki wengi hufa mwezi wa kwanza, nasi tukailaumu husuda ya jirani. Tia samaki wachache kwanza. Badilisha robo ya maji kila juma, na maji ya mfereji yakae ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Usioshe chujio kwa maji ya mfereji, lisuuze kwa maji yaliyotoka tangini, la sivyo utawaua bakteria wote. Na katika joto letu la Januari hadi Machi, kumbuka kwamba maji ya moto hushika hewa kidogo. Washa pampu usiku na mchana, na uso wa maji utikisike.

Kuna na mafichoni pa heri. Jike wa mbuna hubeba mayai yake kinywani kwa takriban wiki tatu, na muda wote huo hali, au hula kidogo mno. Utamwona amejitenga, koo limevimba, amtazama kila mtu kwa shaka. Nyumbani kwa ami tulitaka kumtibu mmoja wa namna hiyo. Ami akacheka, akasema, “Huyu hana ugonjwa. Ana wana.” Mama wasomaji watamwelewa bila maelezo.

Amana

Mtu aweza kusema: haya yote kwa ajili ya samaki? Ndiyo. Samaki wa ziwani ana Mola wake na maji mapana. Samaki wa tangini tumemnyima maji mapana kwa hiari yetu wenyewe, na hana mlango wa kutokea isipokuwa mkono wetu. Sote tumesimuliwa, katika Hadithi sahihi, habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie. Yule hakumpiga paka wake. Alimfungia tu, akashughulika na mambo mengine. Nasi hatukumpiga Masikini. Tulisema atazoea.

Tena tumesimuliwa upole wa Mtume wetu (S.A.W.) kwa mtoto Abu Umayr, ndugu wa Anas bin Malik, aliyefiwa na ndege wake mdogo, jinsi alivyomwuliza habari za ndege huyo kwa maneno ya kumliwaza. Hakuliona jambo hilo kuwa dogo. Sisi siku ile ya Masikini tulimwambia binti yetu, “Si kitu, tutanunua mwingine.” Jioni yake tulimwomba radhi.

Na hapa, kwa idhini yenu, twaongeza neno moja la nyumbani. Mwanadamu si samaki. Mtoto ana akili, hufundishwa, na ataulizwa juu ya mkono wake na ulimi wake; mkali hasamehewi kwa kusema chumba ni kidogo. Lakini safari ya Jemadari ilitufanya tutazame vyumba vyetu. Binti yetu tulikuwa tumezoea kumwita mwenye haya. Hushinda ameketi nyuma ya mlango wa jikoni na kitabu chake, na ndugu zake wawili hujaza nyumba kwa kelele. Kila alipolalamika tulimwambia avumilie. Hatukuwahi kujiuliza ana pembe gani ya nyumba ambayo ni yake. Hakuwa nayo. Basi tukamtengea kona ya dirishani, meza ndogo na pazia, na sharti kwamba hapaingiwi bila hodi. Ndugu zake nao tukawapa saa yao ya uwanjani kila baada ya sala ya Alasiri, badala ya kuwakemea kutwa wasikimbie ndani. Hatudai kwamba wamekuwa malaika. Lakini binti sasa huja mwenyewe sebuleni, na akichoka ajua pa kurudi. Subira ni jambo tukufu, ila anayeamrishwa kusubiri naye huhitaji mahali pa kuegemea.

Wazee wetu waliyajua haya kabla ya matangi ya vioo. Katika nyumba za kale za Lamu na katika misikiti yake, ndani ya birika la maji walitia visamaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na chini ya birika, katika sakafu yake, walijengea bakuli. Maji yakipungua, au birika likisafishwa, samaki walipata pa kuteremkia, wakangoja hapo mpaka maji yarudi. Aliyejenga birika aliwafikiria samaki kabla ya kulijaza.

Mama wa Likoni, swali lako lilikuwa kama wameumbwa vibaya. La, hawakuumbwa vibaya. Usiku wa leo zima taa, mtoe mkali kwa upole umtie katika ndoo safi yenye pampu ya hewa, kisha upange mawe upya pamoja na watoto. Huyo ajifichaye mpe muda. Na mzee mwambie tumemsalimu, na ile ndoo yake tumeipatia kazi.

Hadi juma lijalo, inshallah. Wabillahi tawfiq.